Mafaili ya muda yasiyofunguka: anza na baiti zake za mwanzo

Umeme ukikatika Tanga jioni mtu akiwa katikati ya Word, ukirudi anakuta kwenye folda yake vitu asivyovitengeneza yeye: ~WRL2041.tmp, ~$rua ya mkopo.docx, pengine na faili la herufi nane lisilo na nukta wala mkia. Analibonyeza mara mbili, Windows inamuuliza lifunguliwe kwa programu gani, anachagua ya kwanza aionayo, skrini inajaa vikorokoro. Kinachofuata ni flashi mfukoni na safari ya stesheneri Ngamiani, ambako kijana wa kaunta naye ataanza mchezo uleule. Word imekataa, jaribu Adobe, Adobe imekataa, jaribu VLC, mwisho wake, "kaka, hili limeshakufa."

Mara nyingi faili lenyewe ni zima, ila linapewa programu isiyo yake. Windows inapoamua programu ya kufungulia faili haitazami kilichomo ndani. Inatazama herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, basi. Na mkia wa .tmp hauelezi chochote, kwa sababu programu yoyote ina ruhusa ya kuunda faili ikaliita hivyo: Word, kisakinishi cha printa, hata mchezo wa mtoto. Aina halisi imeandikwa kwenye baiti za kwanza za faili, yaani zile namba ndogo ndogo ambazo faili lolote limejengwa kwazo, na kuzisoma ni kazi fupi kuliko kupakua programu hata moja ya kubahatisha.

Mafaili haya kwa desturi ni ya ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo. Programu inayaunda ikianza kazi na kuyafuta ikimaliza. Ukiyaona yamebaki, jua kuna kazi iliyokatizwa: umeme ulikatika, programu iliganda, au flashi ilichomolewa kabla ya wakati.

Kopi kwanza

Kabla hujalifungua kwa namna yoyote, linakili. Tengeneza folda mpya, kwenye diski nyingine kama unayo, na kazi yote ifanyike kwenye kopi. Programu iliyoliunda ikiwashwa tena inaweza kulifuta yenyewe, maana kwake hayo ni mabaki tu. Kisha kuna Notepad. Kulitazama faili lisilojulikana kwa Notepad si kosa, lakini ukigusa Ctrl+S, Notepad italiandika upya lote kwa kanuni za maandishi, na baiti isizozielewa itazibadili. Picha iliyopita njia hiyo hairudi.

Zima kwa muda ule usafishaji wa Windows unaojiendesha wenyewe: Settings, System, Storage, kisha Storage Sense. Zile programu za bure zinazoahidi kuongeza kasi ya kompyuta nazo zifunge, kwani folda ya Temp ndiyo kitu cha kwanza zinachofagia. Kwenye diski ya SSD jambo hili lina uzito zaidi. Faili likishafutwa humo, Windows huiambia diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe, na diski huifuta kwa wakati wake, bila kukungoja. Diski ya zamani inayozunguka humpa mtu nafasi ya pili mara nyingi. SSD mara chache.

Ili uone unachokitafuta, fungua folda yoyote, nenda View, halafu Show, weka alama kwenye File name extensions na Hidden items. Kwenye Windows 10 ziko juu kwenye View moja kwa moja. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %TEMP%, gonga Enter. Hapo umefika AppData\Local\Temp ndani ya akaunti yako. Panga kwa Date modified na utazame saa: faili lililoandikwa dakika chache kabla umeme haujakatika ndilo la kuangaliwa kwanza. Mengi ya mengine ni ya visakinishi na vivinjari, usipoteze usiku wako kwayo.

Windows ikikataa kulinakili kwa kusema liko wazi kwenye programu nyingine, hiyo ni habari njema. Programu husika ingali hai na kazi yako imo ndani yake. Irudie, uisevu kazi kwa jina jipya.

Ukubwa unasema mengi

Faili la baiti 0 halina kitu, na hakuna programu wala fundi atakayekutolea kitu humo. Usimlipe mtu kwa hilo.

Faili linaloanza na ~$ nalo si waraka wako, ingawa mkia wake ni .docx na ndilo linalobonyezwa kuliko mengine yote. Ni kibandiko tu ambacho Word hukiweka kuonyesha nani amefungua waraka. Kina baiti 162 na ndani yake mna jina la mtumiaji. Cha Excel kina baiti 165. Word hula herufi mbili za mwanzo za jina refu, ndiyo maana "Barua ya mkopo" inakuwa "~$rua ya mkopo". Excel huongeza alama mbele bila kula kitu. LibreOffice ina chake, kinaanza na .~lock na kuishia na alama ya reli. Vyote hivi vikibaki baada ya umeme kukatika, waraka utakuambia umefungwa na mtu mwingine, na huyo mtu ni wewe mwenyewe. Funga programu, futa kibandiko, fungua waraka.

Cha kutafuta ni faili lenye ukubwa unaokaribiana na kazi uliyokuwa ukiifanya. Barua ya kurasa mbili isiyo na picha ina kilobaiti kumi na kitu hivi. Ripoti yenye picha za simu inafika megabaiti.

Kuzisoma baiti

Njia isiyohitaji kupakua chochote ni PowerShell. Ndani ya ile folda ya kopi, shika Shift, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye nafasi tupu, chagua Open PowerShell window here. Windows 11 huandika Open in Terminal. Andika:

Format-Hex -Path .\faili.tmp | Select-Object -First 4

Zinatoka safu nne, kila moja na baiti 16. Ukiacha namba ndefu ya mwanzo wa safu, inayoonyesha mahali tu, kushoto ni baiti zenyewe kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F), kulia ni baiti zilezile kwa jinsi zinavyosomeka kama herufi. Hiyo sehemu ya pili, -First 4, usiisahau kama faili ni kubwa, la sivyo utakaa unatazama namba zikipita hadi kahawa ipoe. Anayependa dirisha la kawaida kuliko amri apakue HxD, ambayo ni ya bure na hufungua hata faili la gigabaiti kadhaa bila kuganda.

Hizi ndizo alama zinazokutana na mtu wa nyumbani mara kwa mara:

25 50 44 46, inasomeka %PDF: ni PDF.
FF D8 FF: picha ya JPEG.
89 50 4E 47, inasomeka PNG baada ya herufi moja ya ajabu: picha ya PNG.
50 4B 03 04, inasomeka PK: familia ya ZIP, na humo zimo docx, xlsx na pptx.
D0 CF 11 E0: nyaraka za Office za kabla ya 2007, yaani doc, xls na ppt.
7B 5C 72 74 66, inasomeka {\rtf: waraka wa RTF, Word huufungua.
52 61 72 21, inasomeka Rar!: kifurushi cha RAR.
37 7A BC AF: kifurushi cha 7z.
49 44 33, inasomeka ID3: sauti ya MP3.
4F 67 67 53, inasomeka OggS: sauti ya Ogg, na humu zimo sauti za WhatsApp zenye mkia wa .opus.
1A 45 DF A3: video ya MKV au WebM.
4D 5A, inasomeka MZ: programu. Mkono mbali, tutaifikia.

Ukishaijua aina, badili mkia wa jina la kopi, kutoka .tmp kuwa .pdf au .jpg, kisha lifungue. Kubadili jina hakubadili kilichomo, ni kuielekeza Windows tu. Hapa wengine huchanganya mambo: kuliita faili la PNG kwa mkia wa .docx hakulifanyi kuwa waraka, na kuliita la docx kwa mkia wa .pdf hakulifanyi kukubaliwa na mfumo wa maombi ya chuo. Hilo la mwisho linatokea kila msimu wa maombi.

Alama mbili zina mtego. RIFF, yaani 52 49 46 46, ni ya vitu vingi. Ruka baiti nne zinazofuata usome herufi nne baada yake: WAVE ni sauti, AVI ni video, WEBP ni picha, na ukiona CDR huo ni mchoro wa CorelDRAW za zamani. Ya pili ni MP4, ambayo haianzi na jina lake. Baiti nne za kwanza ni urefu tu, labda 00 00 00 18 au 00 00 00 20, na neno ftyp linakuja baada yake. Mtu akisoma baiti nne tu atasema faili halina alama.

PK: fungua kifurushi utazame ndani

PK ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeanzisha ZIP mwaka 1989, na tangu Office 2007 Microsoft huhifadhi nyaraka zake ndani ya ZIP. Kwa hiyo ukiona PK bado una swali moja. Fungua kopi kwa 7-Zip, programu ya kufungulia vifurushi, bila kubadili jina: bonyeza kitufe cha kulia, 7-Zip, Open archive. Ukikuta folda ya word, ni docx. Ukikuta xl, ni xlsx. Ppt, ni pptx. AndroidManifest.xml ni programu ya simu. Folda iitwayo content yenye vitu vya Corel ni cdr ya toleo la X4 au la baada yake. Waraka wa LibreOffice hutambulika hata kabla ya kufungua, maana neno mimetype na aina yake husomeka waziwazi kwenye safu za mwanzo.

Sasa ikiwa Word inalikataa hata baada ya kuliita .docx, bado usilitupe. ZIP ina orodha ya vilivyomo, na orodha hiyo huandikwa mwishoni kabisa. Umeme ukikatika wakati wa kusevu, orodha haipo, na Word hudai waraka umeharibika ingawa maneno yako yote yamo. 7-Zip italalamika pia, itaandika Unexpected end of archive au kitu cha namna hiyo, lakini mara nyingi itakuonyesha vilivyomo. Ingia folda ya word, toa document.xml, ifungue kwa kivinjari au Notepad. Utakuta msitu wa alama, na katikati ya kila <w:t> na </w:t> yamo maneno yako. Kwenye nyaraka zilizoandikwa na Word yenyewe, document.xml kwa kawaida huwa karibu na mwanzo wa kifurushi na picha hufuata, kwa hiyo maandishi huokoka hata picha zikipotea. Umbo la kurasa halitarudi. Utaandika vichwa upya na kupanga majedwali upya. Lakini ni kazi ya saa moja badala ya wiki.

D0 CF 11 E0 nayo ina jambo la kuliangalia. Docx iliyofungwa kwa nywila haianzi na PK, inaanza na hii, kwa sababu Office huweka kifurushi kilichofumbwa ndani ya ganda la zamani. Basi kama waraka wako ulikuwa na nywila, usishangae, na usijaribu 7-Zip: uite .docx, fungua kwa Word, toa nywila. Waraka wa .doc uliovunjika una msaada wake ndani ya Word: kwenye dirisha la Open, pale pa kuchagua aina ya mafaili, chagua Recover Text from Any File. Inakupa maandishi pamoja na takataka kidogo mwanzoni na mwishoni.

Kila kimoja cha Office na mahali pake

Word inaposevu haiandiki juu ya waraka wa zamani. Huandika mpya kwa jina la ~WRD na namba nne, ikageuza wa zamani kuwa ~WRL, ikampa mpya jina sahihi, kisha ikafuta ~WRL. Umeme ukikata katikati ya hatua hizo, ~WRL mara nyingi ni waraka wako mzima wa kabla ya kusevu mara ya mwisho. Liangalie hilo kabla ya mengine. Mafaili haya hukaa palepale penye waraka, siyo kwenye %TEMP%, na wengi hawayaoni kwa kuwa yamefichwa.

Excel hufanya vivyo hivyo kwa faili lenye herufi na tarakimu nane bila mkia. Ukilikuta kando ya hesabu zako na linaanza na PK, ongeza .xlsx.

Kazi ambayo hukuwahi kuisevu hata mara moja iko kwingine: AppData\Local\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Office huihifadhi humo kwa siku nne tu. Hifadhi za kila dakika 10 za Word ziko AppData\Roaming\Microsoft\Word, na mkia wake ni .asd. Faili la .asd lina tabia ya kukataa kufunguka likibonyezwa kutoka Desktop au kwenye flashi. Linakili ndani ya UnsavedFiles, kisha ndani ya Word nenda File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents, ulichague hapo. Ukishaliona, Save As papo hapo, kabla hata ya kulisoma.

Kwa wanaochora kadi za harusi na mabango: CorelDRAW huacha Backup_of_ mbele ya jina la kazi, na hilo ni cdr kamili, lifungue kama lilivyo. Photoshop Temp na namba ni habari nyingine. Hilo ni eneo la kufanyia kazi tu, hata likiwa na gigabaiti 10 halifunguki popote. Nenda kwenye folda ya AutoRecover ya Photoshop ndani ya AppData\Roaming\Adobe, utafute faili ambalo baiti zake za kwanza zinasomeka 8BPS.

Ukikuta sifuri tupu

Kuna faili lenye ukubwa sahihi, jina sahihi na saa sahihi, lakini ukilifungua kwa HxD ni 00 00 00 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hili huwaumiza watu kuliko yote kwa sababu linaonekana zima. NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, ina daftari la kumbukumbu linaloandika majina, ukubwa na mahali pa mafaili ili diski isivurugike umeme ukikatika. Yaliyomo ndani ya faili hayaandikwi kwenye daftari hilo. Umeme ukikata baada ya ukubwa kuandikwa na kabla ya yaliyomo kufika diskini, kinachobaki ni nafasi tupu yenye jina. Hakuna wa kukurejeshea faili hilo. Tafuta ~WRL yake, .asd yake, au kopi uliyomtumia mtu kwa barua pepe. Kwenye mji ambao umeme ukirudi huja na kupiga mara mbili tatu kabla ya kutulia, UPS ndogo inayoipa kompyuta ya mezani dakika tano za kusevu na kuzima ina faida kuliko programu yoyote ya kurejesha. Mwenye laptopu yenye betri nzima ameshanusurika.

Mafaili yaliyopakuliwa nusu

Mkia wa .crdownload ni wa Chrome na Edge, .part ni wa Firefox, .opdownload ni wa Opera. Hapa swali la aina ni jepesi, ondoa mkia huo tu. Swali gumu ni kama nusu inatosha, na jibu linategemea aina yenyewe. MP3 itacheza hadi ilipoishia. JPEG itaonyesha sehemu ya juu na chini itakuwa kijivu. PDF huweka orodha ya sehemu zake mwishoni, kwa hiyo baadhi ya visomaji vitagoma na vingine vitajaribu kuijenga upya. Jaribu kuifungua kwa kivinjari kabla ya kukata tamaa. ZIP yenye mafaili mengi itatoa yale ya mwanzo kwa 7-Zip.

Firefox huacha pia faili la baiti 0 lenye jina zuri kando ya .part. Usidanganyike nalo, mzigo uko kwenye .part.

Torenti zina hila yake. Vipande huja bila mpangilio na baadhi ya programu hutenga nafasi yote mapema, hivyo faili la megabaiti 700 linaweza kuonekana kamili na katikati yake mna mashimo ya sifuri. Ukubwa hapo hauthibitishi kitu.

Kwa aina nyingine uthibitisho uko mwishoni mwa faili. Kwenye HxD bonyeza Ctrl+End: JPEG kamili huishia FF D9, PNG huwa na neno IEND, PDF huwa na %%EOF, ZIP huwa na PK 05 06 kwenye baiti za mwisho.

Video ya MP4 inastahili niikalie kidogo, kwani ndiyo inayoliza watu, hasa za harusi. Simu ikizimika betri katikati ya kurekodi, faili linabaki na mamia ya megabaiti na hakuna programu inayolicheza. Fungua kwa HxD, Ctrl+F, chagua kutafuta maandishi, andika moov. Moov ndiyo faharasa inayoeleza kila picha iko wapi na sauti iko wapi, na simu nyingi huiandika mwisho wa kurekodi. Isipokuwepo, kubadili mkia au kuipitisha VLC hakusaidii. Kinachosaidia ni programu ya bure iitwayo untrunc, ambayo hujenga faharasa kwa kuiga video nyingine nzima. Video hiyo ya kuigwa lazima iwe ya simu ileile, kwa mipangilio ileile ya ukubwa na kasi. Ya simu ya jirani hata ikiwa aina moja si ya kutegemea. Kwa hiyo usifute video nyingine za siku hiyo kwa kukasirika. AVI ni rahisi zaidi: VLC yenyewe itauliza ijenge faharasa upya, kubali.

FOUND.000 kwenye flashi

Flashi ikichomolewa bila kutolewa vizuri, Windows itasema ina tatizo na itaomba kuikagua na kuirekebisha. Ukikubali, utakuta folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000 yenye FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Hivyo ni vipande vya mafaili yaliyopoteza majina. Yasomee baiti za mwanzo kama mengine yote, uyape mikia. Urefu wake hujazwa hadi mwisho wa kipimo cha diski, kwa hiyo mwishoni patakuwa na takataka kidogo, na programu nyingi huivumilia. Word ikilalamika, ikubalie itengeneze. CHK isiyo na alama yoyote mwanzoni pengine ni kipande cha katikati, na hicho hakina cha kufanyiwa.

Kama flashi ina kitu cha thamani, nakili kila kinachonakilika kabla ya kukubali ukaguzi. Na kwa hewa yetu ya chumvi, flashi inayokatika-katika ifutiwe kwanza meno yake ya shaba kwa kitambaa chenye spiriti, ikauke, ijaribiwe tundu jingine. Siyo kila kosa la flashi ni la mafaili.

CHK zikiwa mia mbili huwezi kuzisoma moja moja. Hapo tumia TrID, programu ya bure ya amri inayolinganisha faili na hazina yake ya alama na kukupa makisio kwa asilimia. Pakua pamoja na faili la hazina, triddefs, viweke folda moja, la sivyo haitaanza. Mwenye Linux anayo amri ya file tayari: file *.CHK na majibu yanashuka yote.

Kutoka kwenye simu

Ukiunganisha simu ya Android 11 au ya baadaye kwa waya, ndani ya DCIM, folda ya picha za kamera, utaona majina kama .trashed-1735689600-IMG_0042.jpg. Hiyo ni picha iliyopelekwa kwenye kikapu cha taka, na ile namba ndefu ni siku ya kufutwa kabisa, ikihesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hiyo ya mfano ni mwanzo wa 2025. Inakili kwenye kompyuta, ondoa kila kitu kabla ya IMG, inafunguka. Mafaili ya WhatsApp ya .crypt14 na .crypt15 ni hifadhi zilizofumbwa. Hazina aina ya kutafuta, zina ufunguo, na tovuti inayodai kuzifungua bila ufunguo inatafuta pesa yako au faili lako.

MZ, na mengine ya kutobonyeza

Faili linaloanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft, ni programu, jina lake liwe lolote. Ndani ya %TEMP% si ajabu kulikuta, visakinishi huacha vipande vyao humo. Kwenye flashi iliyozunguka stesheneri tatu, likiwa na jina la picha, hilo ni la kuogopa. Usilibadilishe mkia liwe .exe ili "uone ni nini". Bonyeza kitufe cha kulia, lipitishe kwa Microsoft Defender. Linaloanza na 4C 00 00 00 ni njia ya mkato, na folda zote za flashi zikigeuka njia za mkato za kilobaiti moja mbili, mafaili yako yamefichwa tu. Safisha kirusi kwanza, kisha kwa Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Vijiprogramu vya .vbs, .js na .bat ni maandishi matupu, havina alama mwanzoni. Viongezee .txt mwishoni mwa jina, uvisome kwa Notepad.

Kuna tovuti za kutambua na kukagua mafaili, na VirusTotal inajulikana sana. Usipakie huko kitambulisho, taarifa ya benki wala mkataba wa shamba, kwani kinachopakiwa kinaweza kuonekana na wengine. Andika certutil -hashfile faili.tmp SHA256, nakili ule mstari wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili, uutafute kwenye tovuti. Kama faili limeshaonekana duniani utajua, na lako halijaondoka nyumbani.

Baada ya kazi, folda ya %TEMP% unaweza kuifuta yote ilivyo. Washa kompyuta upya kwanza ili visakinishi vimalize kazi zao, kisha Ctrl+A, Delete. Windows ikisema baadhi yanatumika, chagua Skip. Storage Sense iwashe tena. Kopi zile za uchunguzi ziache hadi waraka uliookolewa uwe umefunguka kwenye kompyuta ya pili.